Forester inazamisha breki kwenye mteremko wa Kapchorwa: niweke kalipa za gari gani?

Swali: Nina Subaru Forester SG5 ya 2004, lita 2.0 isiyo na tabo (turbo), gia otomatiki, rimu za inchi 16. Naishi Mbale, mashariki mwa Uganda, na kila wiki napanda mlima hadi Kapchorwa nikiwa na abiria wanne na mizigo. Wakati wa kushuka, karibu na mwisho wa mteremko, pedeli inazama na gari halisimami inavyotakiwa. Pia usukani unatetemeka nikikanyaga breki. Fundi mmoja wa Kisekka, soko la spea la Kampala, ameniambia nitoe kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za kiwanda niweke za pistoni nne za Impreza WRX. Mwingine anasema nitafute kalipa za Brembo za Impreza STI moja kwa moja, na diski kubwa za nyuma pia. Je, zitaingia? Na zitamaliza tatizo?

Jibu: Ndugu yangu, zitaingia. Subaru walitumia vipimo vinavyolingana kwenye Impreza, Legacy na Forester za miaka hiyo, kwa hiyo kalipa ya mbele ya pistoni nne ya WRX inakaa kwenye matundu mawili yaleyale ya gari lako bila kuchomelea wala kukereza kitu. Hapo fundi wa Kisekka amesema kweli. Lakini swali lako la pili ndilo lenye uzito, na jibu lake ni hapana. Shida yako ni joto, na kazi ya kubeba joto si ya kalipa, ni ya diski. Kalipa ya pistoni nne ya WRX hufanya kazi na diski ya milimita 294 yenye unene wa milimita 24. Diski ya vipimo hivyohivyo unaipata pia kwa kalipa ya kawaida ya pistoni mbili, kwa kazi ndogo na kwa nafasi chache za kukosea.

Kabla ya kununua chochote, angalia ukubwa wa mzigo unaozipa breki zako. Kutoka Kapchorwa kupita Sipi hadi tambarare ya Bulambuli unashuka takriban mita 700. Forester yenye watu watano na mizigo ina uzito wa kama kilo 1,750. Kuishusha mita hizo 700 kunatoa nishati ya megajuli 12. Kulisimamisha gari hilohilo kutoka kilomita 100 kwa saa hadi sifuri kunatoa kilojuli 675. Maana yake mteremko huo mmoja ni sawa na kusimama ghafla kutoka kilomita 100 mara 18 mfululizo. Injini na upepo huchukua sehemu ya nishati hiyo, na sehemu hiyo inategemea gia uliyoweka. Inayobaki yote inaingia kwenye diski nne, nyingi yake kwenye mbili za mbele, kwa sababu gari likishuka na kufunga breki uzito hukimbilia mbele.

Pedeli inazama, au pedeli ni ngumu?

Umesema pedeli inazama. Neno hilo lina thamani kuliko jina la kalipa yoyote, kwa sababu breki zilizopata moto hushindwa kwa namna mbili na kila moja ina dawa yake. Pedeli ikibaki ngumu na juu lakini gari linaendelea kuteleza, pedi ndizo zimeshindwa: joto limepita kiwango chake na hazishiki tena diski. Pedeli ikiwa laini na kuzama, mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wako unabana mapovu badala ya kusukuma pistoni. Asubuhi yake, breki zikiwa zimepoa, mvuke umerudi kuwa kimiminika na pedeli iko sawa kabisa. Ndiyo sababu fundi akilijaribu gari mjini haoni kasoro yoyote.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kupitia mpira wa hozi na kifuniko cha chombo chake. Daraja lake huandikwa DOT kwenye chupa: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni nyuzi 140. DOT 4 mpya ni 230, yenye maji ni 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yaliyokaa kwenye gari miaka mitatu au minne hayawezi kuhimili mteremko huo hata ukiweka kalipa za gari la mashindano. Badilisha yote, weka DOT 4 kutoka chupa yenye lakiri isiyofunguliwa, lita moja inatosha kusafisha mfumo mzima, na uyabadilishe tena kila mwaka kwa safari hizo zako. DOT 5 isiyo na ile “.1” ni ya silikoni. Isiingie kwenye gari lako kabisa, kwa sababu haichanganyiki na nyingine na haifai kwenye mfumo wenye ABS (unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki).

Kuna jambo moja la kuhakikisha kwanza. Gari likiwa limesimama, injini inaunguruma na breki zimepoa, kanyaga pedeli kwa nguvu ya kawaida na uishikilie nusu dakika. Ikishuka polepole hadi chini wakati hakuna mafuta yanayovuja popote, sili za ndani za masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) zimekwisha, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Utengeneze kabla ya hatua nyingine yoyote.

Kwa nini mafuta yanachemka mbele

Mara nyingi si mlima peke yake. Gari la umri huo lililopita vumbi na tope la miaka mingi huwa na pini za kalipa zilizoganda. Kalipa ya pistoni mbili ya gari lako ni ya kuteleza: pistoni ziko upande wa ndani tu, na mwili mzima wa kalipa huteleza juu ya pini mbili ili kuvuta pedi ya nje. Pini ikiganda, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, haiachii vizuri ukitoa mguu, na inachemsha mafuta yaliyo nyuma yake. Dalili utaiona ukitoa gurudumu: pedi ya ndani imebaki nyembamba, ya nje nene, au pedi moja imelika kwa mshazari.

Inua gari, weka stendi, zungusha gurudumu kwa mkono baada ya mtu kukanyaga na kuachia breki. Likiwa zito, legeza nipeli ya kutolea hewa kidogo. Likiachia palepale mafuta yanapotoka, presha ilikuwa imefungiwa, na mtuhumiwa wa kwanza ni hozi ya mpira iliyovimba kwa ndani ambayo inapitisha mafuta kwenda lakini haiyarudishi. Lisipoachia, ni pistoni yenye kutu au pini. Pini zinasafishwa kwa brashi na kupakwa grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya beringi huvimbisha mpira wa pini na baada ya muda inaganda tena, vibaya kuliko mwanzo. Vivyo hivyo kuosha sili za kalipa kwa petroli au dizeli: mpira unavimba na pistoni inabanwa. Osha kwa mafuta ya breki mapya au kwa spiriti.

Sasa mtetemeko wa usukani. Pima diski kwa mikromita sehemu nane kuzunguka duara. Diski ya mbele ikiwa mpya ina unene wa milimita 24, na kikomo ni 22. Ikiwa chini ya hapo, usikubali kuikereza. Haina tena chuma cha kubeba joto la mlima wako. Ikiwa juu ya 22 lakini sehemu moja imetofautiana na nyingine hata kwa sehemu mbili au tatu za mia ya milimita, hapo ndipo usukani unapotetemekea. Mara nyingi chanzo ni kutu kati ya diski na habu (kitovu cha gurudumu): chembe ndogo ya kutu inaiinamisha diski, inagusa pedi mahali pamoja kila mzunguko, na baada ya kilomita elfu kadhaa imelika visivyo sawa. Ukiweka diski mpya juu ya kutu hiyohiyo, mtetemeko utarudi, na utaambiwa diski ulizonunua ni feki.

Pedi nazo zina lugha yake. Pembeni au mgongoni huchapwa msimbo wenye herufi mbili mwishoni: ya kwanza inaeleza mshiko wa kawaida, ya pili mshiko wa pedi ikiwa ya moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwako tafuta FF au zaidi. Pedi yenye FE inaanza vizuri asubuhi mjini na kukuacha Sipi. Isiyo na herufi yoyote iache dukani. Zile za mashindano pia ziache, maana zinahitaji joto ndipo zishike, na wewe unahitaji breki hata unapotoka nyumbani alfajiri.

Ukifanya hayo tu, yaani mafuta mapya ya DOT 4, pini huru, hozi nzima, diski zenye unene na pedi za FF, huenda shida yako ikaisha bila kugusa spea ya gari lingine. Kwa mzigo wako, hata hivyo, diski kubwa zaidi ni uamuzi wa busara, na kama za sasa zimefika 22 utanunua diski kwa vyovyote. Nunua basi zile kubwa.

Diski ya 294: unachohitaji hasa

Pima kwanza ulicho nacho, kwa sababu Forester zililetwa kwa aina nyingi. Nyingi zisizo na tabo zina diski ya mbele ya milimita 277 na kalipa ya pistoni mbili. Ukikuta kalipa ya pistoni moja au diski ndogo zaidi, utahitaji kalipa kamili pamoja na breketi zake. Ukikuta 277 na pistoni mbili, kazi ni nyepesi: kinachotofautisha 277 na 294 ni breketi, kile chuma kinachofungwa kwa bolti mbili na kubeba pedi. Breketi ya WRX au Legacy ya diski 294 inaisogeza kalipa nje kwa milimita 8.5, na mwili wa kalipa pamoja na pedi zako vinarudi mahali pake. Hufungui hozi, kwa hiyo hewa haiingii kwenye mfumo. Ukiwa dukani, weka pedi yako ya zamani ndani ya breketi hiyo: masikio yake yateleze kwa vidole bila kulegea na bila kulazimishwa. Isipokaa hivyo, breketi hiyo ni ya kalipa nyingine.

Faida ni mbili. Pedi inashika mbali zaidi na katikati ya gurudumu, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya mguu unapata kama asilimia 7 zaidi ya nguvu ya kusimamisha. Na chuma kinachobeba joto kinaongezeka kwa asilimia 10 hadi 12. Usitarajie umbali wa kusimama kwa dharura upungue sana. Kama breki zako zikiwa baridi zinaweza kuiamsha ABS, tayari zina nguvu kuliko tairi, na hapo anayeamua umbali ni tairi. Unachonunua ni uwezo wa kurudia kazi ileile kona baada ya kona.

Kalipa za pistoni nne zinaongeza nini juu ya hapo? Si joto, kwa sababu diski ni ileile. Wala si nguvu maradufu kama wengi wanavyodhani. Kwenye kalipa ya kuteleza, pistoni mbili za upande mmoja zinapobana, upande wa pili unajibu kwa nguvu sawa. Kwa hiyo pistoni mbili za kuteleza zenye kipenyo fulani zinabana sawasawa na nne za kipenyo hichohicho zilizo mbili kila upande. Linganisha eneo la pistoni za upande mmoja tu. Pistoni ya milimita 42.8 ina eneo la milimita za mraba 1,439, mbili ni 2,878. Pima za kalipa unayouziwa, piga hesabu hiyohiyo. Eneo likizidi sana, pedeli itakuwa nyepesi lakini ndefu, na masta silinda yako itabidi isukume mafuta mengi zaidi. Likiwa dogo, pedeli itakuwa fupi na ngumu, na gari litasimama vibaya kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kinachopatikana kweli kwenye pistoni nne ni mwili mgumu usiojipanua, pedeli iliyo thabiti mguuni, pedi zinazolika sawasawa, na kutokuwepo kwa pini za kuteleza zinazoganda kwa tope. Hilo la mwisho lina maana kwa barabara zetu. Ukiipata seti nzuri kwa bei inayolingana, sina pingamizi. Ila usiilipie kwa fedha ambayo ingenunua diski mpya, pedi na mafuta.

Brembo na diski za nyuma

Diski ya mbele ya STI ni milimita 326 kwa unene wa 30. Kwa ukubwa wa chuma hiyo ni kama mara moja na nusu ya 294, na siwezi kusema haisaidii mlimani. Gharama yake ndiyo inayonifanya nikuzuie. Rimu zako za 16 hazitaingia. Utahitaji 17, na si kila 17, maana mikono ya rimu nyingine inagonga mwili wa kalipa. Ukitoka 215/60R16 kwenda 215/55R17, ukuta wa tairi unapungua kutoka milimita 129 hadi 118, na mashimo yatakukumbusha kila siku. STI kuanzia 2005 zina nati za 5x114.3, yaani nati tano kwenye duara la milimita 114.3, wakati habu yako ni 5x100, kwa hiyo diski zake hazitakaa. Unahitaji za STI za kabla ya hapo au za Forester STI. Kisha pedi zake ni ghali, na kuna kalipa za kawaida zilizopakwa rangi na kuandikwa jina hilo. Kwa Forester isiyo na tabo, fedha hiyo ina kazi nyingine za kufanya.

Diski kubwa za nyuma sizitaki kwako kabisa. Ukishuka na abiria, uzito unakimbilia mbele na magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi. Ukiyaongezea nguvu ya breki yatateleza kabla ya ya mbele, na gari ambalo nyuma imeteleza kwenye kona linageuka. Juu ya murramu yenye mvua huna muda wa kulirekebisha. ABS inasaidia, lakini haikutengenezwa kwa uwiano huo mpya. Ongezea kuwa breki ya mkono ya Subaru ni dramu ndogo iliyo ndani ya diski ya nyuma, na dramu hiyo huwa ya 170 au 190 kulingana na modeli. Ukikosea, breki ya mkono haishiki au diski haiingii. Nyuma kwako ni pedi nzuri, pini safi na mafuta mapya. Mbele ikiongezeka kwa asilimia 7 tu, uwiano unabaki upande ulio salama.

Kununua spea Kisekka au Ndeeba, Kampala

Chukua kulia na kushoto kutoka gari moja. Kalipa moja ya leo na nyingine ya kesho ndiyo njia ya kupata pistoni za vipenyo tofauti na gari linalovuta upande. Vua mpira wa vumbi kidogo utazame ukuta wa pistoni: ukiona vijishimo vya kutu kwenye sehemu inayopita sili, iache, hakuna sili itakayoziba hapo. Jaribu nipeli ya kutolea hewa palepale dukani kwa spana ya pete. Nipeli iliyoganda ikikatikia ndani, umenunua chuma chakavu. Kwenye pistoni nne, angalia pini zinazoshika pedi na vibanio vyake viwepo. Kalipa hiyo ni nusu mbili zilizofungwa kwa bolti, na katikati kuna sili ndogo ya mduara. Usikubali ifunguliwe kama sili hiyo mpya haiko mkononi.

Diski nunua mpya. Hakikisha tundu la katikati linalingana na habu yako. Diski yenye matundu ya nati yanayolingana lakini tundu la kati kubwa zaidi itakaa pembeni kidogo, na hutajua mpaka usukani ukuambie. Nunua pia seti ya sili za kalipa, washa nne za shaba kama utafungua hozi, na mafuta angalau lita moja.

Kufunga

Gari likae kwenye sakafu ngumu, magurudumu ya nyuma yazibwe, na stendi ziwe chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi. Toa bolti ya chini ya kalipa kwa spana ya 14, inua kalipa, itundike kwenye springi kwa waya. Isining'inie kwa hozi yake hata dakika moja. Breketi inatoka kwa bolti mbili za 17 zilizo nyuma. Diski ikikataa kutoka, usiigonge: ina matundu mawili yenye nyuzi za M8. Ingiza bolti mbili za M8, kaza moja nusu mzunguko, kisha nyingine, na diski itajisukuma yenyewe kutoka kwenye habu. Kugonga kwa nyundo kunaumiza beringi.

Hapa ndipo pa kutumia muda. Piga uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka mguu wa kila stadi (bolti inayoshika gurudumu), mahali ambapo kutu hujificha. Osha mafuta ya kuhifadhi kwenye diski mpya kwa kisafisha breki. Ifunge kwa nati tatu na upime kuyumba kwake kwa saa ya kupimia (dial gauge), milimita 10 kutoka ukingoni. Lenga isizidi milimita 0.05, ikifika 0.075 ni kikomo. Ikizidi, itoe, izungushe tundu moja, pima tena. Ina nafasi tano, na mara nyingi moja kati yake inakubali.

Bati la kukinga tope nyuma ya diski lilitengenezwa kwa 277. Likunje au likate ukingo mpaka 294 izunguke bila kuligusa, lakini usilitupe; kokoto ya murramu ikikwama kati ya diski na bati lililokunjwa vibaya inapiga kelele tu, ila bila bati tope lote linakwenda kwenye pedi. Funga breketi ya 294, kaza bolti zake hadi Nm 80 kwa spana ya kupimia. Tazama diski ipite katikati ya breketi, tofauti kati ya pande mbili isizidi milimita moja. Nati za gurudumu ni Nm 90 hadi 100 kwa umbo la nyota. Spana ya hewa inayokaza mpaka inalia inapinda diski mpya siku ya kwanza.

Ukiweka pistoni nne, bolti ya hozi inakazwa Nm 18 kwa washa mpya pande zote mbili. Kisha angalia nipeli iko wapi. Lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto inakaa vizuri kabisa, lakini nipeli inakuwa chini, hewa inabaki juu, na mtatoa hewa siku nzima pedeli ikibaki kama sponji. Hili hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Weka rimu kabla ya kushusha gari na upitishe kidole au udongo wa mfinyanzi kati yake na kalipa: nafasi ya milimita 3 ndiyo ya chini. Chunguza pia zile risasi za kubalansi zilizobandikwa ndani ya rimu, maana kalipa pana huzikwangua.

Kutoa hewa, breki za Subaru hizi zimeunganishwa kwa mshazari, kwa hiyo fuata mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Tumia mpira unaopitisha mwanga uliozamishwa kwenye mafuta. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipeli robo mzunguko, anaifunga, ndipo mguu unatolewa. Chombo cha mafuta kisishuke chini ya alama ya chini hata mara moja. Hewa ikiingia kwenye pampu ya ABS, kuitoa kunaweza kuhitaji kompyuta. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja.

Kabla ya kulisogeza gari hata mita moja, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni zilirudishwa nyuma, na mkanyago wa kwanza hauna breki.

Kisha zizoeshe pedi na diski. Barabara ya tambarare upande wa Soroti asubuhi na mapema inafaa. Endesha kilomita 60 kwa saa, punguza kwa nguvu ya wastani hadi 15, usisimame, ongeza tena. Fanya hivyo mara 10, kisha endesha dakika 10 bila kugusa breki kadiri inavyowezekana. Ukisimama na kushikilia pedeli diski zikiwa za moto, pedi inaacha alama yake kwenye diski na mtetemeko unaanza upya. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za magurudumu kwa kipimo, tazama hozi isiguse tairi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili, na uangalie kama kuna unyevu kwenye viungo.

Safari ya kwanza ya Kapchorwa, weka lever kwenye 2 kabla mteremko haujaanza, si baada ya gari kupata kasi, na ushuke kwa mwendo ambao gia hiyo inaushikilia. Kanyaga breki kwa nguvu muda mfupi, punguza mpaka chini ya mwendo unaoutaka, achia kabisa, subiri mwendo uongezeke, rudia. Mguu unaokaa juu ya pedeli taratibu kutoka Sipi hadi chini hauziachii diski nafasi ya kupoa hata kidogo. Ukifika tambarare, simama pembeni baada ya kilomita mbili tatu za kuendesha bila breki, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, na ulinganishe kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa na joto la wazi kuliko mwenzake, kuna pini au hozi bado haijapona upande huo. Pande zote zikilingana na pedeli bado ikazama, kwa mafuta mapya na diski za 294, niandikie tena pamoja na unene wa pedi zako na uzito unaobeba. Hapo ndipo tutazungumzia 326.